Umbo la uyoga halitoshi: maswali ya wasomaji kuhusu matumbawe laini

SWALI: Nasomea biolojia hapa Maseno. Tulipokwenda Shimoni kwa mafunzo, tulikata kwa kibali kipande cha tumbawe laini lenye umbo la uyoga. Kimekaa kwenye fomalini miezi 2. Nilipokiyeyusha kwa jiki ili nitafute vijiti vya chokaa, nilipata vichache tu, tena vimelika kingo. Picha inayofanana nalo sijaiona kwenye intaneti. Je, ni spishi mpya isiyo na vijiti? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Usiandike hivyo. Vijiti vilikuwapo, ila fomalini imevila. Ikikaa, fomalini hugeuka polepole kuwa na asidi ya fomiki, na vijiti hivyo, ambavyo wataalamu huviita skleraiti, ni kalisaiti, kitu kinachoyeyuka kwenye asidi. Kingo zilizolika ndiyo dalili yenyewe. Kosa hili ni baya kwa sababu yapo kweli matumbawe laini yasiyo na skleraiti, kwa hiyo unaweza kumpa mnyama sifa asiyokuwa nayo.

Kielelezo hicho hakiokoki. Ukipata kingine, kihifadhi katika ethanoli ya asilimia 70. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kiweke peke yake katika ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA, na kesho yake ubadilishe ethanoli hiyo, maana maji ya mwilini huizimua. Kabla ya kukata, piga picha mnyama akiwa hai, polipu (vinyama vidogo vinavyounda tumbawe) zikiwa zimefunguka, na uandike kina cha maji. Mliozoea fulu wa Ziwa Victoria mnajua jinsi dume mwenye rangi kali anavyopauka akitiwa chupani. Tumbawe nalo ni hivyo hivyo.

Kwa skleraiti, kata vipande vya ukubwa wa punje ya mchele kutoka sehemu 5: polipu, ngozi ya kichwa, ndani ya kichwa, ngozi ya shina na ndani ya shina. Kila kipande kiwe na kijibomba chake na pipeti yake. Skleraiti moja iliyonasa kwenye pipeti itahesabiwa mahali isipotoka. Dondoshea jiki isiyo na manukato. Nyama itatoa povu, itavurugika kama uji mwepesi, kisha chini kutabaki unga mweupe mfano wa mchanga laini. Sasa tulia dakika 10 kabla ya kumwaga maji ya juu. Wengi huharibikiwa hapa: vijiti vikubwa vya ndani huzama mara moja, lakini vile vidogo vya ngozi, vyenye umbo la rungu, bado vinaelea. Ukimwaga kwa haraka umevimwaga, na utaandika kwamba spishi haina marungu. Suuza mara 5 kwa maji yaliyokenekwa, ukisubiri vitulie kila mara, kwa kuwa chumvi ya jiki ikikauka huwa fuwele zinazodanganya macho. Jiki isikutane kamwe na siki wala asidi yoyote. Hutoa gesi ya klorini.

Shina tupu lenye kichwa cha uyoga linaelekeza kwenye jenasi Sarcophyton. Hakikisha kwa lenzi: kati ya polipu kubwa zenye minyiri 8 utaona vitundu vidogo, ambavyo ni polipu zisizo na minyiri. Sinularia, jenasi nyingine ya matumbawe laini, ina polipu za aina moja tu. Kisha linganisha michoro yako ya skleraiti na mapitio ya Sarcophyton aliyoyachapisha mtaalamu wa matumbawe laini Verseveldt mwaka 1982, na ikiwezekana na vielelezo asilia vilivyomo makumbushoni. Kukosa picha kwenye intaneti hakuthibitishi chochote.

SWALI: Kwa nini wasipime DNA tu wakamaliza? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: Mwalimu, jeni inayotumiwa sana kwa matumbawe laini, mtMutS, hubadilika polepole mno, na spishi mbili tofauti zinaweza kuwa na mfuatano uleule. Hata hivyo DNA ndiyo iliyofichua kwamba jina Sarcophyton glaucum lilikuwa linafunika nasaba kadhaa. Tunashauri jeni zaidi ya moja, pamoja na skleraiti.

SWALI: Nikigundua spishi mpya, naweza kuipa jina la nyanya yangu Wambui? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Unaweza. Jina la mwanamke huongezewa -ae na kuandikwa kwa herufi ndogo: wambuiae. Lakini jina peke yake halisimami. Tangu mwaka 2000 ni lazima uteue waziwazi kielelezo au vielelezo vinavyobeba jina, kwa kawaida kimoja kiitwacho holotaipu, na useme vitahifadhiwa wapi, kwa mfano Makumbusho ya Taifa Nairobi. Makala ikitoka kwenye intaneti pekee, isajiliwe kwanza ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, na usajili huo utajwe ndani yake. Jina likitolewa kwenye picha ya mtandao wa kijamii halihesabiki.