Huduma ya mikutano ya sauti: ipime kwa mtu aliye mbali na mnara

Kampuni nyingi hapa Lubumbashi zinachagua huduma ya mikutano ya sauti zikiwa ofisini katikati ya mji, kwenye Wi-Fi, mbele ya laptopu. Sauti inatoka safi, patron anafurahi, wanalipa. Kisha kazi inaanza: dereva yuko kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, deklara, yaani wakala wa forodha, yuko mbele ya dirisha la forodha, fundi yuko ndani ya mgodi huko Kolwezi, na hao watatu ndio wenye habari ambayo mkutano uliitishwa kwa ajili yake. Wakikatika wao, waliobaki ofisini wanaongea wenyewe kwa wenyewe.

Mimi ni mratibu wa mizigo kwenye kampuni ndogo ya usafirishaji. Shaba inateremka kwenda Durban na Dar es Salaam, vipuri na kemikali za migodi vinapanda, na siku zangu nyingi zinaanza kwa mkutano wa sauti na kumalizika kwa mwingine. Nimetumia huduma za bure na za kulipia. Wenzangu wakiniuliza wachukue ipi, mimi huanza kwa kuwauliza: mtu wenu mwenye mtandao mbaya kuliko wote yuko wapi, na ameshika simu gani? Orodha za vipengele kwenye tovuti za hizo huduma ni ndefu, lakini ukizisoma huku unamfikiria mtu huyo, vingi utavipita bila kusimama.

Kitu ninachokiangalia kabla ya vyote ni kama mtu anaweza kuingia mkutanoni kwa simu ya kawaida, bila intaneti. Zoom, Microsoft Teams na Google Meet zina njia hiyo kwenye baadhi ya mipango yao: unapewa namba ya kupiga, unabonyeza namba ya mkutano, umeingia. Mega za intaneti zikiisha, au mtandao ukishuka mpaka 2G, uniti za kupiga simu bado zinafanya kazi. Dereva mmoja tunayemwita Papa kwa sababu ya umri wake aliwahi kuniambia, "Mama, hapa hata meseji ya WhatsApp haipandi, lakini ukinipigia nakusikia vizuri kabisa." Watu wa aina yake ni wengi kwenye barabara hii, na huduma isiyo na njia ya simu inawaacha nje.

Usitosheke na kuona neno «simu» kwenye tangazo. Fungua orodha ya nchi ambazo huduma ina namba zake, utafute +243 ya kwetu, +260 ya Zambia, +255 ya Tanzania na +27 ya Afrika Kusini, au nchi zozote ambazo watu wako wanapita. Namba ikiwa ya Marekani au Ubelgiji tu, dereva atalipa kila dakika kwa bei ya simu ya nje, na uniti zake zitakwisha kabla zamu yake ya kuongea haijafika. Tena kuna namba ambazo anayepiga analipa bei ya kawaida, na kuna zile ambazo anayepiga halipi kitu, mwenye akaunti ndiye anayetozwa kwa dakika. Tofauti ya hizo mbili mara nyingi imeandikwa chini kabisa ya ukurasa wa bei. Isome yote.

Njia ninayoipenda zaidi ni ile ya kinyume: huduma yenyewe inampigia mshiriki. Simu ya dereva inalia, anapokea, yuko ndani ya mkutano. Hakuna namba ndefu ya kubonyeza kwa mtu aliyeshika usukani au makaratasi ya forodha, na hakuna uniti zake zinazokwenda. Gharama inabaki kwa kampuni, ambako ndiko inakopaswa kubaki, kwa sababu mkutano ni wa kazi ya kampuni. Tahadhari moja tu: mpakani simu inaweza kudaka mnara wa nchi jirani, na aliye nje ya mtandao wake anaweza kutozwa hata kwa kupokea. Kwa hiyo dereva akishavuka kuingia Zambia, mpigie kwenye laini yake ya Zambia.

Na kabla hujalipa huduma yoyote, jua kwamba simu yako ya mkononi yenyewe inaweza kuitisha mkutano mdogo. Viwango vya GSM, yaani vya mtandao wa simu za mkononi, vinaruhusu kuunganisha mpaka watu 5 na wewe wa 6, mradi kampuni yako ya simu imefungua huduma hiyo kwenye laini. Unampigia wa kwanza, unaongeza wa pili, unabonyeza kitufe kilichoandikwa «Fusionner», yaani unganisha. Anayeita ndiye anayelipa kila laini. Hakuna kurekodi, hakuna orodha ya waliohudhuria, na wewe ukikata, wote wanakatika. Kwa jambo la dakika kumi kati ya deklara, dereva na mwenye ghala, mimi bado natumia njia hiyo.

WhatsApp nayo isidharauliwe. Simu ya kundi inachukua mpaka watu 32, imefungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho (walio ndani ya simu tu ndio wanaosikia), na sijui mtu kwenye kazi yetu ambaye hana WhatsApp. Kwa timu ndogo ambayo wote wana mega, kwa mazungumzo ya asubuhi ya nani yuko wapi, inatosha na fedha zako zibaki mfukoni. Unaihitaji huduma ya kulipia pale unapotaka watu wa simu ya kawaida waingie, unapotaka rekodi, au unapokuwa na mteja ambaye mkataba wake unadai kumbukumbu za mikutano.

Mipango ya bure ya huduma kubwa inafanana kwa idadi ya watu, ambayo ni mpaka 100, lakini haifanani kwa muda. Zoom ya bure inakata kwenye dakika 40. Google Meet ya bure inakwenda dakika 60 mkiwa watatu au zaidi, na Teams ya bure nayo dakika 60. Watu 100 ni idadi ambayo kampuni ndogo haitaifikia, kwa hiyo usiitazame sana. Muda ndio unaouma. Mkutano wa mzigo uliokwama hauishi kwa dakika 40, na kuwarudisha watu wa mtandao dhaifu baada ya kukatwa kunakula muda kuliko mazungumzo yenyewe.

Upande wa mega, hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Zoom inataja kilobiti 60 mpaka 80 kwa sekunde kwa sauti peke yake. Kwa saa nzima hiyo ni mega 27 mpaka 36 kila upande, za kupanda na za kushuka. Video ya kundi inafika mamia ya mega kwa saa. Tafuta huduma ambayo mwenye mkutano anaweza kuzuia video za wote tangu mwanzo, usiwaachie watu kukumbuka. Umeme wa SNEL ukikatika na ofisi nzima ikahamia kwenye mega za simu, utaona faida yake siku hiyohiyo.

Sauti yenyewe inastahili kusemwa kwa kirefu, maana ndiyo bidhaa unayoinunua. Programu nyingi za intaneti zinatumia Opus, namna ya kubana sauti iliyofanywa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Inaweza kushuka mpaka kilobiti 6 kwa sekunde na kupanda mpaka 510, ikifuata hali ya mtandao. Ndiyo sababu mtu wa mtandao mbaya anasikika kama yuko ndani ya pipa lakini bado maneno yanashikika. Simu ya kawaida ya zamani inapitisha masafa ya hezi 300 mpaka 3400 tu. Sauti ya S na ya F nyingi yake iko juu ya hapo, kwa hiyo zinafanana. Kwa kazi yetu hili si jambo dogo: namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na herufi moja ikisikika vibaya unatafuta kontena la mtu mwingine bandarini. Kwangu ni marufuku kusoma namba ya kontena kwa mdomo mkutanoni. Inaandikwa kwenye ujumbe wa mkutano, na aliyeingia kwa simu ya kawaida, ambaye haoni ujumbe huo, anatumiwa SMS wakati huohuo.

Kuna pia ucheleweshaji, ule wa kuongea na kukanyagana. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano unashauri sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri, na isizidi 400. Sasa fikiria eneo la mgodi linalotumia setilaiti za juu, zilizo karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Kupanda na kushuka kwa mawimbi peke yake kunakula karibu milisekunde 240, kabla hujahesabu njia iliyobaki. Hakuna huduma ya mikutano itakayoliondoa hilo, hata uilipie kiasi gani. Ukiwa na watu wa namna hiyo, dawa ni nidhamu ya mwenyekiti: anaita jina, anayeitwa anajibu, akimaliza anasema amemaliza. Nimeona mikutano ya watu kumi na wawili ikienda sawasawa kwa utaratibu huo, na ya watu wanne ikivurugika bila huo.

Mwenyekiti huyo anahitaji vifaa vyake. Awe na uwezo wa kuzima maikrofoni za wote kwa mguso mmoja, na wa kuona ni laini ya nani inayoleta kelele. Injini ya lori moja na jenereta moja zinatosha kuwazuia wote wasisikilizane. Waliopiga kwa simu ya kawaida wanajizima na kujifungua kwa *6 kwenye Zoom, Google Meet na Teams, na kwenye Zoom *9 inanyoosha mkono. Wafundishe madereva hizo namba mbili, waziandike kwenye karatasi ndani ya kabati la lori. Na hakikisha huduma inakuruhusu kumpa jina mtu aliyeingia kwa namba, la sivyo utakuwa na orodha ya tarakimu usiyojua ni Papa, ni mwenye ghala, au ni mgeni.

Kurekodi: kwa Zoom, hata akaunti ya bure inarekodi ukiwa kwenye kompyuta, faili inabaki kwenye mashine yako, na ya sauti inatoka peke yake, nyepesi kutuma. Ukiongoza mkutano kutoka kwenye simu, kurekodi huko hakupo, unahitaji mpango wa kulipia unaohifadhi mtandaoni. Tangaza kila mara kwamba mnarekodi. Nchi yetu ina Kanuni ya Kidijitali, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda data za watu, na sauti ya mtu ni mali yake hata kabla ya sheria kusema.

Kuhusu usiri, kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji mbele. Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho na simu ya kawaida havikai pamoja. Kwenye Zoom, ukiwasha usimbaji huo, njia ya kupiga kwa simu inafungwa, na kurekodi mtandaoni nako. Ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa laini ya simu haiwezi kubeba funguo za usimbaji huo. Kwa hiyo gawanya mikutano: ya bei na mikataba iwe ya programu tupu, ya barabara iwe na simu. Kila mkutano uwe na namba yake ya siri, na ile namba ya mkutano wa kila wiki ibadilishwe mfanyakazi anapoondoka. Wengi wanabadilisha kufuli ya ghala na kuacha mkutano wazi.

Saa nazo zisikupite. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, Dar es Salaam saa moja mbele, mnunuzi wa China saa sita mbele. Zambia na Durban tuko pamoja. Mkutano wa 9:00 ya Kinshasa ni wa 10:00 kwetu na wa 11:00 kwa Dar. Huduma inayotuma mwaliko unaojigeuza kwa saa ya kila mmoja ni nzuri, ila dereva hafungui barua pepe, kwa hiyo kwake andika SMS yenye saa ya mahali alipo.

Malipo ni kwa mwenye kuitisha mkutano, wageni hawalipi, hivyo kampuni ya watu kumi haihitaji leseni kumi. Kwetu leseni mbili zinatosha, maana leseni moja ya kawaida haibebi mikutano miwili kwa wakati mmoja na wakati mwingine kuna mzigo Kasumbalesa na mwingine Kolwezi saa ileile. Chukua mwezi mmoja kwanza, usikubali punguzo la mwaka kabla hujafanya mkutano wa kweli na watu wa barabarani saa ambayo mtandao umelemewa. Mwisho wa mwezi fungua ripoti ya matumizi: nani aliingia kwa programu, nani kwa simu, alikaa dakika ngapi, alikatika mara ngapi. Ukikuta njia ya simu haikutumiwa na mtu, iondoe kwenye ankara. Ukikuta majina yaleyale yanakatika kila mara kwenye programu, waondoe huko, uwaweke kwenye orodha ya wanaopigiwa.