Barua kwa mwanangu: yule mzee Hindenburg

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma. Umepita barabara ya Hindenburgdamm hapo Berlin, ukajiuliza kama mzee Hindenburg, rais wa Ujerumani wakati ule, alirubuniwa, au alijua anachofanya alipompa Hitler ukansela, yaani uongozi wa serikali.

Alijua. Watu humhurumia kwa sababu tarehe 30 Januari 1933 alikuwa na miaka 85. Mimi simhurumii, na sababu yangu inaanzia vitani.

Mwaka 1914 alikuwa jenerali mstaafu Hannover. Akaitwa, Warusi wakapigwa Tannenberg, na Wajerumani wakaanza karibu kumwabudu. Berlin walimchongea sanamu ya mbao, ndefu kama mita 12. Ukichangia vita, unapewa msumari ukaugongelee mwilini mwake!

Mwishoni mwa Septemba 1918 maji yakazidi unga. Yeye na jenerali mwenzake Ludendorff ndio waliotaka mapigano yasimamishwe haraka. Kutia saini, lakini, aliachiwa raia, mwanasiasa Erzberger. Mwaka uliofuata mzee akaiambia kamati ya Bunge kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni, yaani lilisalitiwa na watu wa nyumbani. Erzberger akapigwa risasi akafa mwaka 1921. Mzee akawa rais mwaka 1925.

Tabia hiyo ya kuwatwisha wengine mzigo hakuiacha. Mwaka 1932 kansela wake, Brüning, alihangaika kumpigia kampeni, na wasoshalisti wakampa kura ili tu kumzuia Hitler. Hata miezi miwili haikuisha, Brüning akaonyeshwa mlango. Nchi ilikuwa ikiendeshwa kwa amri za dharura tangu 1930, kila moja na saini ya rais, na mzee akataka mzigo huo utoke mabegani mwake. Papen, aliyepokea ukansela baada ya Brüning, akamshawishi ampe Hitler cheo hicho, akamtuliza: kwenye baraza la mawaziri Wanazi watakuwa watatu tu, Hitler mwenyewe akiwemo. Kabla mwezi mmoja haujapita, Bunge likachomwa moto, na kesho yake, Februari 28, mzee akatia saini amri iliyofuta uhuru wa raia. Saini hiyo hakumsukumia mtu.

Kuna jambo dogo linalonikera zaidi, labda kwa kuwa nami ni mzazi. Alipofikisha miaka 80 matajiri walimchangia shamba la Neudeck. Hati ikaandikwa jina la mwanawe, Oskar, ili siku ya mirathi wakwepe kodi. Mkuu wa nchi!

Usicheke. Hati ya kiwanja cha Kibaha bado ina jina langu.

Baba yako