Anza na mita, si na taa

Mwalimu uliyekabidhiwa majengo ya shule ya bweni hapa Mwanza, ukitaka kupunguza matumizi ya umeme usikimbilie kununua taa. Nenda kwenye mita ya LUKU saa sita usiku, madarasa yakiwa yamefungwa, uhesabu taa nyekundu inamweka mara ngapi kwa dakika moja. Usoni pa mita pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Kwa mita hiyo, mimweko 10 kwa dakika ni wati 600, yaani uniti 6 kwa saa kumi za usiku. Zima swichi zote kwenye ubao wa umeme, kisha uwashe moja moja hadi umpate mlaji. Zikiwa zote zimezimwa na taa bado inamweka, waite TANESCO. Usifungue kitu.

Shika pampu kwanza. Mji huu ni wa vilima na miamba, na kupandisha maji kwenye tangi la juu kunagharimu. Pampu ya kilowati 1.5 ikizidisha saa mbili kwa siku, uniti 3 zimekwenda. Jaza tangi jioni, zima pampu, funga koki ya kutokea, weka alama ya kina cha maji. Asubuhi kikiwa kimeshuka, tangi linavuja, au, kama bomba la kupandishia linaingia kwa chini, valvu ya kuzuia maji yasirudi imechoka. Usiku unaofuata acha koki wazi. Kina kikishuka safari hii tu, kagua vyoo vya kuflashi: mpira wa chini ukilika, maji hutiririka kimya usiku kucha. Floti (boya linalofunga maji tangi likijaa) iliyokwama nayo hujaza tangi hadi likamwagika.

Sasa taa. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) hula kama 45. Ya LED ni 18. Madarasa kumi yenye tyubu sita kila moja, prepo (kujisomea usiku) ya muda wa saa tatu: kutoka uniti 8.1 hadi 3.2. Fundi akiondoa choki, aangalie mchoro ulio kwenye tyubu, maana nyingine hupokea umeme ncha moja, nyingine ncha zote mbili; akikosea anapiga shoti. Abandike karatasi kwenye fremu kuwa choki haipo, asije mtu akarudisha tyubu ya zamani. Karibu na ziwa, futa wadudu kwenye vifuniko kila wiki. Vikijaa, darasa huwa giza na watu huongeza taa bure.