Gari Limelala Nyuma: Maswali Yenu ya Springi, Shokapu na Bushi

Tangu mvua zianze, barua nyingi mnazoniletea ni za upande wa nyuma wa gari. Sehemu hiyo hapa Kigoma inateseka kweli: gari lina umri, barabara ya vumbi ina makorongo, na mzigo wote unakaa huko. Nimechukua maswali matano.

Shikamoo fundi. Probox yangu inabeba madumu ya mawese kutoka Simbo kuja mjini. Nikipakia inalala nyuma mpaka tairi inasugua. Nimeweka shokapu mpya mbili, bado inalala. Nimeuziwa feki?

Marahaba mwanangu. Shokapu zako huenda ni nzima kabisa. Shokapu haibebi mzigo. Inayobeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda baada ya kupita shimo. Gari likilala, mshukiwa wa kwanza ni springi.

Liegeshe tupu mahali tambarare, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Linganisha na Probox ya mwenzako ambayo haijachoka. Yako ikiwa chini, springi zimelegea, na zinabadilishwa zote mbili kwa pamoja. Hapo hapo angalia stopa za raba. Zikiwa zimeliwa, chuma kinagonga chuma, na shokapu zako mpya hazitadumu.

Springi ngumu za kazi nzito zipo, nazo zinafaa kama unapakia karibu kila siku. Gari likitembea tupu muda mwingi, nyuma itarukaruka na kuteleza kwenye tope. Lakini nakuomba upige hesabu kwanza. Dumu la lita 20 likijaa mawese lina kilo kama 19. Kiwanda kiliipangia Probox ya mzigo mzigo wa kilo 400 wakikaa watu wawili tu, na 250 wakikaa watano. Madumu 20 tayari umefika. Ukipakia 35, hakuna springi ya dukani itakayoikoa ekseli, beringi na breki zako.

Fundi, nataka kuweka spesa kwenye IST ipande juu kwa ajili ya njia za Kalinzi. Wenzangu wengi wameweka. Unashauri?

Kwa moyo mmoja, hapana. Spesa, kile kipande kinachowekwa kati ya springi na bodi, inainua bodi, haiongezi nguvu ya springi hata kidogo. Shokapu inabaki imevutwa muda wote, na gurudumu likidumbukia shimoni inagota mwisho wa urefu wake hadi inavuja au inang'oka kwenye kishikizo. Mpira wa breki nao unavutwa. Kama umeshaweka, lipandishe gari jeki, magurudumu ya nyuma yaning'inie, halafu uangalie mpira huo. Ukiwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, toa spesa leo. Springi mpya za kipimo cha kiwanda zitakurudishia kimo ambacho gari lilipoteza kwa uzee, na mara nyingi hicho kinatosha.

Nimebadilisha bushi za mikono ya nyuma kwenye Corolla 110. Miezi mitatu tu zimechanika, na kelele zimerudi kila nikipita kwenye rasta. Fundi wangu anasema bushi za siku hizi hazina ubora.

Bushi mbovu zipo, sikatai. Lakini kabla ya kulaumu duka, muulize fundi alikaza bolti gari likiwa wapi.

Bushi ya raba, ile inayokaa kwenye tundu la mkono wa chuma unaoshika gurudumu, haizunguki kama beringi. Raba imeshikana na bomba la ndani na la nje, na gurudumu linapopanda na kushuka, raba yenyewe inajinyonga na kurudi. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki na mguu unaning'inia, raba inashikwa katika hali hiyo. Gari likishushwa, inanyongwa, na inabaki imenyongwa hata usiku limeegeshwa. Hapo miezi mitatu ni mingi.

Njia sahihi haina gharama. Bolti zote ziingizwe, nati zifungwe kwa mkono tu. Gari lishushwe likae kwa matairi yake, litikiswe mara kadhaa, kisha ndipo bolti zikazwe kabisa. Kama hakuna shimo la kuingilia chini, jeki iwekwe chini ya mkono mpaka uzito wa gari uukalie, stendi zikiwa mahali pake. Hili lisemwe kabla spana haijashikwa. Kama mkono una sehemu ya kurekebishia, iwekewe alama kabla ya kufunguliwa, na mwisho gari lipimwe alaimenti.

Zile bushi ngumu za rangi, za poliyurethani, zinadumu, ila zinapitisha mtikisiko mwingi na hulia zikikosa grisi yake maalumu. Kwa gari la familia, raba nzuri inatosha.

Shokapu za mtumba nazichaguaje?

Isimamishe wima, ikandamize na kuivuta mara kadhaa. Iwe nzito mwendo mzima, isiwe na mahali inapopwaya. Fimbo isiwe na kutu wala mikwaruzo, na mwili usiwe na oili. Yenye dosari moja iache hata kama bei inavutia. Na chukua jozi.

Kaka, Hilux yangu inasomba chumvi ya Uvinza. Nataka kuongeza bapa moja la chuma kwenye springi za nyuma.

Inawezekana, ila yuboliti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Jambo linalosahaulika ni breki. Hilux nyingi zina vali iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma, inayopunguza breki za nyuma gari likiwa tupu. Ukiinua nyuma, vali inahisi gari ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za nyuma zinalegea ukiwa mteremkoni na mzigo. Fundi airekebishe fimbo hiyo siku hiyo hiyo ya kuongeza bapa.

Na chumvi inayomwagika inakula bolti na springi kwa haraka, hasa kukiwa na unyevu. Ukishashusha, osha chini ya gari kwa maji mengi kabla ya kulilaza.