Jibu: Picha za wateja zimenichosha, hamu inarudije?

Mkuu nimekusoma, kila wikiendi sendoff na harusi, katikati ya wiki viatu vya maduka ya Kariakoo kwenye kitambaa cheupe, hela inaingia ila kamera huitamani tena. Mi nakwambia usikimbilie kuacha wateja eti ukatafute sanaa. Seydou Keïta wa Bamako kule Mali alifungua studio 1948, biashara tupu, mtu anakuja kapiga suti anataka picha ya kuwatumia ndugu, na kwa vile vifaa vilikuwa ghali mara nyingi alipiga mara moja tu, tena kitambaa cha nyuma alianza na shuka lake la kitandani! Picha hizohizo za wateja leo ziko makumbusho ya Ulaya na Marekani. Jamaa alikuwa makini na mkono umekaaje, kilemba kimekaaje, basi.

Sasa harusini, ukishamaliza orodha ya kamati, zunguka nyuma kwa mashangazi wanaokoroga pilau, moshi, jasho, khanga imefungwa kiunoni, piga hizo ziwe zako. Mi nina folda ya mikono tu, mafundi cherehani, wauza samaki wa Feri, na kuna mwenye mgahawa aliiona akanipa kazi.

Halafu pandisha bei kidogo upunguze kazi bana, harusi tatu wikiendi moja nani atabaki na hamu? Kwani unatumia lenzi gani? Kama unayo ya milimita 35 jaribu kutembea nayo peke yake wiki nzima.