Duara kuzunguka jua si mionzi ya ozoni

Swali: Jumapili iliyopita, saa sita mchana hapa Dodoma, jua lilizungukwa na duara kubwa lenye rangi. Katika kundi letu la WhatsApp ulisambazwa ujumbe kwamba hiyo ni mionzi inayopenya tundu la ozoni, na kwamba watoto wafungiwe ndani hadi jioni. Niliwafungia. Je, nilikosea?

Jibu: Ndugu yangu, siku nyingine usiwafungie. Ujumbe huo hunifikia kila duara linapoonekana, safari hii ukitaja mji huu na safari ijayo mwingine, na hauna ukweli hata chembe. Tundu la ozoni, yaani eneo la juu angani ambako gesi ya ozoni inayochuja miale mikali ya jua hupungua sana, hutokea juu ya Antaktika, hasa kuanzia Agosti hadi Novemba, na ozoni yenyewe haichori kitu chochote angani.

Kinachochora duara ni barafu. Katika mawingu membamba yaitwayo sirostratasi, zaidi ya kilomita 6 juu yetu, mna fuwele za barafu zenye umbo la mche wa pande sita, na mwale unaoingia kwa upande mmoja na kutokea upande wa tatu, ukiruka ule unaofuata, hupinda kwa nyuzi 22 au zaidi, kamwe si pungufu. Kwa kuwa miale mingi hurundikana karibu na kipimo hicho, ukingo wa ndani huwa mkali na mwekundu, ilhali anga iliyo ndani ya duara huonekana nyeusi kidogo. Ukinyoosha mkono, shubiri moja itatosha takriban kutoka kwenye jua hadi kwenye duara. Hakuna mionzi iliyoongezeka hapo. Ni nuru ileile iliyobadilishwa njia. Miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, ni mikali adhuhuri ya kila siku Dodoma, duara liwepo au lisiwepo, na kofia inahitajika siku zote hizo.

Linalonikera zaidi ni kwamba wanaoeneza hofu hii hawasemi lolote kuhusu macho, na wengine huwashauri watu walitazame jua kupitia filamu ya eksirei au kioo kilichopakwa masizi. Vitu hivyo hupunguza mng'ao tu, na huweza kupitisha miale isiyoonekana inayounguza retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, ambao hauna neva za maumivu, hivyo mtu hugundua madhara baada ya saa kadhaa, akiwa ameshachelewa. Miwani ya kawaida ya jua nayo haifai. Anayetaka kulitazama duara asimame mahali ambapo ukingo wa paa unalificha jua lote, kisha atazame pembeni yake.