Aiskrimu bila mashine: beseni, barafu na chumvi

Dada, umeuliza kwa nini aiskrimu uliyoilaza kwenye friza usiku kucha imetoka ngumu kama jiwe, na barafu inalia kwenye meno. Hukuikoroga. Maziwa yakiganda yametulia, maji yake yanajikusanya na kufanya chembe kubwa za barafu. Na kwetu hapa Goma, ambako umeme unakatika ukirudi, zinayeyuka, zinaganda tena, zinazidi kukua.

Mimi friza naitumia kugandisha sashe za maji tu. Zikishakuwa barafu, natia kama kilo 3 kwenye gunia safi, naliweka juu ya jiwe la lava pale uani na kuliponda kwa nyundo. Namimina kwenye beseni pamoja na kilo 1 ya chumvi ya kawaida. Usiionee huruma hiyo chumvi! Inashusha joto la barafu chini kabisa ya sifuri. Barafu peke yake inaishia sifuri, na maziwa yenye sukari hayagandi hapo.

Maziwa natumia ya kutoka Masisi, huku karibu na Goma, lita 1, nayachemsha vizuri kwanza. Yakiwa bado moto natia sukari vijiko 8 vya kula na maziwa ya unga vijiko 5. Hayo ya unga ndiyo yanayoleta ulaini, kwa sababu yanaongeza uzito bila kuongeza maji. Acha yapoe kabisa. Marakuja (yaani pasheni) tia mwishoni, maziwa yakiwa baridi. Ukitia kwenye maziwa ya moto yanakatika.

Sasa yatie maziwa hayo kwenye sufuria ya aluminiamu, uitumbukize katikati ya barafu. Dakika kumi za kwanza utaona kama hakuna kitu. Usikate tamaa, endelea kukwangua pembeni na chini kwa mwiko wa mbao. Ghafla utando mweupe utaanza kushika ukingoni. Urudishe katikati, kila mara. Baada ya nusu saa hivi mwiko unakuwa mzito, na ukiuinua unaacha mfereji usiojifunga.

Sufuria iwe ndefu kuliko barafu. Siku ya komunyo ya mwanangu maji ya chumvi yaliruka ndani, nikamwaga yote wageni wakiwa sebuleni. Iliniuma sana. Tangu hapo nafunga kitambaa shingoni mwa sufuria, na aiskrimu inaliwa siku ileile.